Mpemba na Bundi wa Matembwe

Kilichonitoa Pemba ni bundi. Tuna bundi wetu mdogo, asiyepatikana kokote duniani ila kisiwani kwetu, na kamati yetu ya kijiji ndiyo inayolinda miti anayotagia. Habari zilifika hadi Matembwe, mkoani Njombe. Mama Tumaini, mzee wa kanisa huko, alitaka mtu wa kuzungumza na majirani zake wanaoua bundi. Kamati ikanichagua mimi, mchuma karafuu, kwa kuwa nasema sana.

Makambako, alfajiri. Nilishuka basi na kanga mbili na ndara. Kondakta akanitazama miguu.

"Mama, huku ndara tunavaa tukiwa ndani ya blanketi."

Njombe mjini, saa tatu, nilinunua sweta la mtumba. Nikalivaa, na meno yakaendelea kugongana.

Matembwe nilifika mchana. Mama Tumaini alinipokea kwa "Kamwene!", salamu ya kwao, nami kwa mazoea nikajibu, "Waalaikumu salamu." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaleta viazi na kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alipokumbuka dini yangu akakinywa mwenyewe, "kisimwagike bure," kisha akanichemshia chai.

Jioni tulikwenda kwa jirani yake, Baba Neema, mpasua mbao. Kati ya nyumba yake na ya mjane mmoja, Bibi Eliza, ulisimama mti mkubwa wenye tundu, na ndani yake bundi alikuwa na makinda. Baba Neema alikuwa ananoa msumeno ili auangushe. Mtoto wake alikuwa na homa siku ya tatu.

"Bundi analia, mtoto anaumwa," alisema. "Na bundi hatui hivi hivi. Ana aliyemtuma." Akatupa jicho nyumbani kwa Bibi Eliza.

Hapo mzaha ukaniisha. Nikamweleza kwamba mama yangu alipofariki, nilimpiga bundi jiwe akafa, kisha nikamnunia jirani yangu mjane kwa miaka, nikidhani ndiye aliyemtuma. Nilipopata akili ya kumwomba radhi, nilikuta wamekwisha kumzika.

Baba Neema aliuliza, "Na mlipoacha kuua bundi, watu waliacha kufa?"

"Hawakuacha. Ila sasa tunazikana."

Aliuweka msumeno chini, akaingia ndani.

Asubuhi, nikienda na Mama Tumaini kupanda gari la kurudi, tulikutana na Baba Neema njiani amembeba mtoto kwenda zahanati. Bibi Eliza alikuwa pembeni, akimkinga mtoto mvua kwa mwavuli.

"Mti bado naufikiria," Baba Neema alinionya.

"Fikiria polepole," Mama Tumaini akamwambia. "Makinda hayajaota manyoya."

Nyumbani wananiuliza kama nimewaokoa bundi wa bara. Sijui. Nilikwenda nikidhani nitafundisha habari za ndege. Nimerudi nikijua kwamba mtu anayemwogopa bundi hahitaji kwanza kuelezwa juu ya bundi. Anahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati.