Kerezo la Ushirika wa Kanyenye

Mfaume alijua kukereza, kuomba hakujua. Mninga ukiingia kwenye kerezo lake ulitoka tendegu la kitanda, na nusu ya mji wa Tabora ililala juu ya miguu aliyoichonga yeye. Kuomba aliniachia mimi, mchuuzi wa nta ya nyuki kutoka Ipole, kwa kuwa mdomo ndio mtaji niliozaliwa nao.

Mwaka wa sabini na nne alitaka barua moja tu, ya kuhamia Usoke. Mkewe, Maua, alikuwa amekwisha kugawiwa nyumba huko katika kijiji kipya, kwa sharti kwamba mume afike kabla ya mvua. Asipofika, nyumba wanapewa wengine. Bahati nzuri, kijiji hichohicho kiliomba fundi seremala mmoja kutoka ushirika wa Kanyenye. Bila barua ya ushirika angerudishwa kama mzururaji.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa ushirika, Yoramu.

"Ndugu Mfaume, nikuachie vipi?" akasema. "Kerezo linayumba. Yule kijana Jilala akiligusa, tendegu linatoka kama muhogo. Wewe peke yako unaliweza."

"Na likitulia?" nikauliza.

"Likitulia, Jilala akakereza miguu minne ikalingana, mtu anakwenda Usoke."

"Mbele ya wanachama?"

"Mbele ya wanachama."

Nikamshika mkono kabla hajabadili maneno. Nje nilijisifu kweli.

Beringi mpya ya kushika shafti, ule mhimili unaozunguka, haikupatikana, si Tabora wala Mwanza. Mfaume akaanza na chaki. Alilizungusha kerezo taratibu kwa mkono, chaki ameisogeza karibu na shafti. Ingekuwa imepinda, chaki ingegusa upande uleule kila mzunguko. Ikagusa huku, ikagusa kule.

"Shafti ni nzima," akasema. "Tundu lake la kushoto ndilo limelika. Inacheza humo kama jino la mzee. Nta yako ni safi, au umeichanganya na mchanga kama kawaida?"

"Nakuchanganyia wewe?"

"Unamchanganyia hata shekhe."

Akachonga bushi, pete nene ya mpingo ya kubana shafti, akaitokosa katika nta yangu siku mbili mpaka ikaacha kutoa mapovu, akaipigilia katika tundu la kushoto. Mkanda ukafungwa. Tukaweka kikombe cha maji juu ya meza ya kerezo, mashine ikanguruma, maji yakatetemeka kidogo tu kama maziwa yanayotaka kuganda. Jilala, kijana wa Nzega mwenye mikono mizito, akashika patasi. Miguu minne. Wanachama waliipima kwa kamba, wakaibadilisha na kuipima tena. Ililingana.

"Sasa barua," nikasema.

Yoramu alikuwa nayo mfukoni, imekwisha kupigwa mhuri. Akamkabidhi Jilala.

Nilidhani amekosea mtu. "Ndugu Mwenyekiti, fundi ni huyu."

"Ndiyo maana anabaki. Usoke wanataka seremala wa madawati. Jilala anatosha. Mtu anayetengeneza beringi kwa mti na nta nimwachie aende porini? Mashine ya mpunga imekufa, ya alizeti inakohoa. Nilisema mtu anakwenda, na mtu anakwenda."

Wanachama wakapiga makofi. Nilikuwa nimepatana sharti lote nikasahau jina, kosa ambalo sokoni nisingemsamehe hata mtoto wangu.

Nikamvuta Mfaume pembeni. "Ing'oe hiyo bushi."

"Nikiing'oa, nani ataitwa kulitengeneza kerezo?" akasema. "Na nikikataa, mimi ni mhujumu. Acha, bwana."

Siku ya treni Jilala alipita kuaga, mfuko begani, uso ameuinamisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Sikuomba mimi, kaka. Wallahi."

"Najua. Hukuomba, na hukukataa."

"Nimwambie nini shemeji Maua?"

Mfaume hakuzima mashine. Ilizunguka, imetulia kabisa, na maganda mekundu ya mninga yakamwangukia miguuni.

"Mwambie nyumba sasa utapewa wewe, akupishe bila ugomvi. Mlango ni wangu, mbao nilizipeleka mwenyewe kwa treni. Aung'oe, arudi nao Tabora."

"Na mimi nilale bila mlango?"

"Wewe si seremala?" akasema Mfaume, akainamia tendegu.