Bomba la Moshi Alilolibeba Mtani

Nachingwea haina haja ya chumba cha joto. Hilo nililisikia kwa kila jirani wakati mume wangu anajenga kibanda chake nyuma ya nyumba yetu, huku Naipingo. Ilikuwa kabla ya mvua kuanza, bati linawaka, kila mtu anatafuta kivuli, na yeye anapanga matofali ya kuchoma ili watu wakae ndani watokwe na jasho. Wakawa wanampitia asubuhi kumuuliza mikate itatoka saa ngapi.

Chumba cha namna hiyo alikiona alipokuwa mlinzi kwenye hoteli moja ya pwani. Wageni walikaa kwenye mabenchi ya mbao, kando yao jiko la kuni, juu ya jiko mawe. Wakiyamwagia maji kidogo, mvuke unapanda. Akasema huku ni kujifukiza kama kwetu, ila hakuna blanketi.

Na kwetu aliyekuwa akijifukiza ni mama yake. Kila kipupwe magoti yanapomkaza, mama mkwe wangu hukaa kwenye kigoda, akaweka chungu cha majani ya mkaratusi na mchaichai yanayochemka mbele yake, akajigubika blanketi. Kipupwe kimoja chungu kilipinduka kikamuunguza mguu. Binti yake, wifi yangu anayeishi Ruangwa mjini, alikuja upesi na akasema neno moja tu, hakulirudia. Mama akiungua tena, anamchukua akae kwake.

Ndiyo maana mume wangu alijenga. Alimaliza kuta na paa. Jiko alichomelewa na rafiki yake wa Nachingwea mjini kwa rimu za lori. Bomba la moshi alilipata Namungo, kwa wachimbaji waliokuwa wanahama, refu, zito, kipande kimoja. Akalilaza chini ya upenu. Masika yalipokuja akaugua, na hakupona. Sina zaidi la kuandika hapo.

Yule rafiki mchomeleaji ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu wanataniana tangu kwa babu zao, na msibani watani wana kazi yao. Siku ya tatu alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake ule wa kuburuta mguu, akanisimamia mbele na kudai chai kwa sauti ya mume wangu, ile ya kulalamika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wapo walionitazama vibaya, lakini kile kicheko ndicho kilichonifanya nile ugali siku hiyo.

Kisha akalitwaa lile bomba, akaliweka begani, akatangaza kwamba haliweki chini mpaka likombolewe kwa jogoo. Wazee wakampa jogoo. Akamnyanyua, akampima kwa mkono, akasema huyu ni mgonjwa kuliko marehemu. Akaondoka na jogoo na bomba.

Katika arobaini tuligawa nguo. Wifi yangu alitaka kitu kimoja tu, fulana ya kijani ya mpira ambayo kaka yake aliichezea ujanani, timu ya kijiji. Yeye ndiye aliyekuwa akiifua, akiwa msichana. Tuliitafuta nyumba nzima. Haikuwepo. Nilimfungulia hata sanduku langu. Hakuchungulia, lakini pia hakuniambia nilifunge. Tukaagana kwa mkono, na mkono wake ulikuwa mzito.

Kipupwe kilipoingia, magoti ya mama yakakaza. Nikamwona anaulizia chungu. Wiki ileile wifi akapiga simu: ufuta ukishauzwa atakuja, na mama amwekee nguo zake tayari. Mama mkwe wangu Kiswahili chake ni kidogo, husema Kimwera, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, nadhani ili mtu asijifanye hakuelewa. "Ruangwa siendi."

Na mimi sikutaka aende. Ningeweza kusema nilimhurumia yeye, lakini nilijihurumia mimi. Nyumba ya wafiwa wawili inakalika. Ya mfiwa mmoja sikujua.

Nikampigia mtani. Nikamwambia alete bomba na vifaa, tumalize kazi ya watu.

"Na jogoo?"

"Jogoo ulishamla."

"Nilimla, na nikaugua."

Alikuja na pikipiki ya mizigo, bomba limechomoza nyuma na kitambaa chekundu kwenye ncha. Tangu aliposhuka alikuwa anatoa maagizo. Jiko alilikalisha juu ya matofali na mchanga. Akapima kutoka jiko hadi ukutani kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya vidole, akasema benchi la mbao lisikaribie zaidi ya hapo. Juu, bomba lilitaka kupita ubavuni mwa papi, ubao unaoshika bati. Akakataa, akakata lile papi na kuliungia mbali, akaweka kola ya bati kati ya bomba na paa, pengo akaliziba kwa udongo wa kichuguu. Akalipandisha bomba hadi likapita kipeo cha paa, maana likiwa fupi upepo huurudisha moshi ndani, akalivika kofia ya mvua. Mlango aliufanya ufunguke kwa nje, bila komeo, na chini yake akaacha nafasi ya hewa. Akanikanya nisiweke mkaa humo hata siku moja. Moshi wa kuni unakutoa machozi ukakimbia, alisema, wa mkaa unakubembeleza ulale.

Mama mkwe alikuwa na kazi moja, mawe. Mtani alikuwa ameokota ya mtoni, mazuri, laini. Mama akayatupa nje moja moja. Kila aliyepikia mafiga anajua jiwe la mtoni hupasuka motoni. Akatuma yaletwe mawe makavu ya mlimani, na mtani akayabeba mwenyewe, akilalamika kwamba kikongwe huyu ndiye aliyemzeesha marehemu.

Wifi alifika mchana ule tunamaliza. Alikuwa na begi kubwa, tupu, limekunjwa kwapani. Alimsalimia mama yake, akanisalimia, akasimama mlangoni mwa kibanda amefunga mikono.

"Hiki ndicho?"

Mtani akasema ndicho, na kwamba fundi wa kweli hukagua kila kitu mara mbili. Akawasha.

Moto ulishika vizuri. Kisha moshi ukatoka mlangoni mwa jiko, ukapanda, ukajaa chumba. Juu ya paa, kwenye ile kofia, hakuna kitu. Mtani akapuliza, akafungua, akafunga, akafungua. Tukatoka wote tunakohoa, mama akiwa wa mwisho, nimemshika kiwiko. Wifi alilikunjua begi lake akalikung'uta vumbi, na mimi nikajua ameshaamua.

Nilikaa juu ya rundo la matofali yaliyobaki. Niliwaza kwamba jioni ile ningepika chakula cha mtu mmoja.

Mtani aliuzima moto, akasubiri chuma kipoe, akapanda kulishusha bomba. Alilielekeza kwenye mwanga wa jua akachungulia. Halafu akachukua mpini wa jembe, akausukuma ndani. Upande wa pili kikadondoka kitu cheusi, kigumu, kinatoa moshi. Akakigeuza kwa mguu. Ndani ya mikunjo kilikuwa cha kijani.

Nilielewa kabla sijasimama. Kila masika nyigu hujenga udongo kwenye kila tundu la nyumba yetu. Mume wangu alitafuta cha kuzibia bomba, akachukua kilichokuwa karibu, akakisukuma ndani kabisa mbuzi wasikivute. Miezi yote tunaitafuta ile fulana, ilikuwa mjini kwa mtani, ndani ya bomba aliloondoka nalo yeye mwenyewe mbele ya watu wote.

Mtani aliketi chini. "Kaniweza," alisema. "Nimembeba begani mpaka nyumbani, na yeye kajificha ananisubiri. Watani wote wamezikwa wakanyamaza, huyu kanizibia bomba." Akaanza kucheka, na kucheka kwake kukawa kulia, kisha kukarudi kucheka. Mama mkwe, ambaye msibani hakucheka, alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Wifi alikuwa ameichukua fulana. Mgongoni ilikuwa na tundu lililoungua, la ukubwa wa kiganja. Alikuja akaketi karibu yangu juu ya matofali.

"Wifi," alisema, "mimi nilidhani unayo."

"Najua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Sikuwa nayo."

Akaniegemea bega. Alikuwa ananuka moshi, na mimi pia.

Mtani alilirudisha bomba, baada ya kulichungulia pande zote mbili huku mama akimwamuru achungulie tena. Akawasha mara ya pili. Juu ya kofia ukatoka uzi mwembamba, ukanenepa, ukaenda zake upande wa mashamba ya korosho. Tuliacha mlango wazi moto wa kwanza uunguze harufu ya chuma. Kesho yake asubuhi tukaingia sisi watatu, wanawake, na khanga zetu. Mama alimwagia kopo la maji ya mchaichai juu ya mawe yake. Mvuke ukatufunika. Akanyoosha miguu taratibu, mmoja, kisha wa pili, akasema kitu kwa Kimwera ambacho wifi alinitafsiria ingawa nilikuwa nimekisikia. Mwanangu ana akili, alisema, ila anachelewa.

Wifi aliondoka mchana. Fulana nilimpa. Sikutaka kumpa, lakini nilimpa, akaiweka ndani ya lile begi kubwa, peke yake, na begi likabaki limelegea kama lilivyokuja. Nguo za mama zilikuwa bado kwenye kamba. Nilizianua, nikazikunja, nikazirudisha chumbani kwake, kisha nikaenda kuchanja kuni za kesho.