Kuku wa Hoteli ya Wakorea

Harufu ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu hunikosesha usingizi. Ikinijia, narudi kwenye swali lilelile: je, baba alipoteza kazi kwa sababu mimi sikula? Najua ni swali la kitoto. Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijapata jibu lake, na mwezi huu limenirudia kila nikilala.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa tuliishi mjini, mtaa wa Nyakato, nami nilikuwa sijaanza shule. Baba alikuwa dereva wa wataalamu wa Kikorea waliokuja kufundisha kilimo cha mpunga. Jumamosi bwalo lao liliuza chakula hata kwa watu wa nje, nasi tuliliita hoteli ya Wakorea. Mradi ulikuwa unahamia mkoa mwingine, na mkuu wao angechukua dereva mmoja tu. Waliobaki mjini bila kazi walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa vijijini, na baba hakuwa na shamba wala ndugu wa kumpokea. Basi mkuu alipotualika kula, baba alipiga suruali yake pasi ya mkaa, akaivua, akaipiga tena. Jirani yetu Mama Zuhura alitutania mlangoni, "Mkirudi mtaniamkia kwa kuinama kama Wakorea, shikamoo yangu ndiyo basi." Baba hakucheka.

Katikati ya meza, kati ya visahani vya ile kabichi ya kuchachushwa, palikuwa na chungu cha mchuzi, na ndani yake kuku mzima. Mama alipomwona aliweka mikono mapajani. Kwao Bukoba alilelewa akijua kuku ni wa wanaume, na ingawa alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya, mwiko huo hakuwahi kuuvunja. Baba, kwa wasiwasi wake wote, hakukumbuka kuuliza kitapikwa nini. Mkuu akakata paja na kuliweka kwenye bakuli la mama kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu.

"Mama Koku, kula," baba alinong'ona. "Anatutazama."

"Unajua sili."

"Najua. Kula, nakuomba."

Mama akala. Alitafuna polepole, macho mezani, jasho likimtoka chini ya kilemba, mpaka mfupa ukabaki mweupe. Kisha mkuu akaninyooshea mimi kipande. Mama akafunika bakuli langu kwa kiganja. "Huyu hali," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mkuu akarudisha kipande chunguni, na baba akaanza kuusifia wali, akausifia mno.

Alichukuliwa dereva mwingine. Sisi tukapanda lori. Baba hakumlaumu mama kwa maneno. Aliacha tu kuongea naye wakati wa kula.

Sasa nimepangiwa kufundisha ng'ambo ya kivuko cha Busisi, na wazee wa mchumba wangu wamesema hakuna ndoa nisipoikataa kazi hiyo. Mchumba mwenyewe alinibembeleza, "Koku, wakubalie tu kwa sasa." Nikaenda kumuuliza mama aliwaza nini siku ile.

"Nilijua tunaweza kukosa kazi," alisema. "Mwiko wangu niliuvunja mwenyewe. Wako haukuwa wangu kuuvunja."

Nimeyapima maneno hayo mpaka nikachoka. Mimi nina shahada, na hakuna lori linalonisubiri. Mama hakuwa na chochote, na lori lilikuwa linamsubiri. Jumatatu nilimrudishia mchumba wangu pete, nikabeba sanduku langu hadi Kigongo na kupanda pantoni.