Mwanamke wa Kisimani na Foronya za Shangazi

Mjomba wa shoga yangu aliporudi kutoka Dubai alileta mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na kaseti zake mbili. Nilipopata habari nilizipanda ngazi za nyumba yao mbili mbili mpaka ndara moja ikanitoka mguuni, wala sikurudi kuiokota.

Shoga yangu huyo nilisoma naye darasa moja, hapo Tanga mjini. Walikuwa Wahindi, Waislamu kama sisi. Baba yake aliuza vitambaa na nyuzi katika duka la chini, nao wakikaa ghorofani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nikilelewa na shangazi yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kudarizi foronya za maharusi.

Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inapumua. Miaka michache nyuma, rafu za duka lile zilijaa vumbi tu, na shangazi alikuwa akifumua foronya kuukuu ili apate nyuzi za kudarizia mpya. Kisha ikaja ruksa ya kuagiza vitu nje, bidhaa zikaanza kuingia. Siku moja nilimkuta shangazi amekaa mkekani amezungukwa na nyuzi za kila rangi. Hashoni, anazitazama tu.

"Kuna waridi mbili," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mbili, mwanangu! Moja imekoza, moja imefifia."

Basi nyuzi na gemu viliingia Tanga karibu wakati mmoja, na kwa upande wangu havikuachana tena.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya magari. Lo, tuliipenda! Likizo nzima ya mwezi wa sita tuligombea pedi ya kuchezea, tukipiga kelele mpaka baba yake shoga yangu anagonga dari kwa fimbo ya kupimia vitambaa. Barabara ilikuwa imechorwa vizuri, na mitende pembeni, na bendera mwishoni. Likizo ilipokwisha kila mmoja wetu alikuwa ameshafika kwenye bendera mara nyingi, na nilipokuwa nyumbani nikifua au nikichambua mchele, sikukumbuka hata rangi ya gari langu.

Kaseti ya pili tuliidharau mwanzoni. Picha zake zilikuwa mbaya, miraba mitupu. Alikuwemo mtu mdogo mwenye mzigo mgongoni, anatembea peke yake katika mji wenye milango mingi. Milango mingine ilifunguka. Mingine ungebonyeza mpaka kidole kikauma, haikufunguka. Katikati ya mji palikuwa na kisima, na kando ya kisima mwanamke aliyetugeuzia kisogo. Ukimkaribia yanatokea maandishi ya nchi za mbali, kama vijumba vya vijiti, ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyeweza kuyasoma. Kisha mwanamke anatikisa kichwa, na hupiti.

"Huyo mkewe," shoga yangu alisema siku moja. "Alimwacha muda mrefu. Sasa anamnunia."

"Mke wapi! Dada yake huyo. Unaona alivyosimama? Mtu hasimami hivyo mbele ya mumewe."

"Wee unajua nini cha waume?"

Tuligombana kweli. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, nikachukua daftari langu la hesabu, lile la miraba, nikamchora yule mwanamke mraba kwa mraba ili kesho nimwonyeshe mwenzangu mkao wa dada mtu. Kesho yake akanipokonya daftari, akageuza ukurasa, akachora kilicho nyuma ya mlango wa bluu, ule uliokataa kufunguka. Alichora chumba chenye vitanda viwili na kimoja hakijalaliwa.

Daftari likazunguka darasani. Baada ya wiki moja lilikuwa na vyumba ambavyo sisi wenyewe hatukuvijua. Msichana mmoja aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge, Mlutheri, baba yake mtu wa Lushoto, hakuwahi kuiona gemu hata siku moja. Alituuliza maswali mawili matatu, kisha akachora nyuma ya mlango wa kijani njia ya mlimani yenye ukungu na makabichi pande zote.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Mlango huo unatoa baridi," alisema. "Ndiyo maana wanaufunga."

Nilimwamini palepale. Mpaka leo sijui kwa nini, ila nilimwamini.

Shangazi aliliona daftari siku nilipolisahau mkekani. Nilirudi nikamkuta amelishika karibu na dirisha.

"Nani amekufundisha kuchora darizi?"

"Si darizi, shangazi. Ni gemu."

"Gemu ni nini? Hii ni darizi. Hebu tazama: kumi na mbili, kumi na mbili, sita. Kila mraba mshono mmoja. Aliyemtengeneza huyu mtu alijua kuhesabu."

Hakutosheka na daftari. Ijumaa ile, baada ya sala, alivaa buibui lake tukaenda naye. Mama yake shoga yangu alimkaribisha chai ya iliki, na shoga yangu, kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo shangazi," akamwonyesha kwanza gemu ya magari, kwa kuwa ndiyo nzuri. Shangazi alitazama mpaka gari likafika kwenye bendera.

"Haya, limefika," alisema. "Hongera. Sasa nionyesheni yule mama."

Kaseti ikabadilishwa. Shangazi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Hatujui."

"Mzigoni ana nini?"

"Hatujui, shangazi."

"Na nyie mnamtembeza tu!" Akacheka, akapiga paja. "Jamani, mtu wa watu huyu!"

Wakati huo alikuwa na kazi ya foronya za bi harusi mmoja wa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Mama wa bi harusi alikuwa ameagiza njiwa na maua, kama kawaida. Shangazi alidarizi maua kidogo pembeni, basi. Foronya ya kwanza alimweka mwanamke na kisima chake, ya pili mtu na mzigo. Kati yao aliweka mlango wa bluu, nusu huku na nusu kule, hata mito ikilazwa pamoja mlango unakuwa mmoja. Aliweka waridi zote mbili, iliyokoza na iliyofifia. Mimi nilihesabu miraba, yeye akashona mishono midogo ya kukatana kama alama ya kuzidisha, na siku zile hata chakula tulikisahau jikoni.

Tulizipeleka wenyewe. Tulivuka Pangani kwa kivuko, nimeukumbatia mfuko kifuani nisije nikaulowesha. Huko Mwera wanawake walikuwa wamejaa chumbani, vyombo vya bi harusi vikitandazwa kimoja kimoja na kusifiwa. Foronya zilipotandazwa, sifa zilikatika.

Mama yake bwana harusi akainama. "Sanamu hizi! Mwanangu alalie sanamu?"

Shangazi hakutetereka.

"Hana uso, bi mkubwa. Amekupa kisogo."

Bi mkubwa akatazama tena, akakaa chini polepole. Halafu akauliza, "Mbona kanuna?"

Hapo ndipo chumba kilipolipuka! Mmoja akasema mwanamume alikwenda kukata mkonge na hakuleta hata barua. Mwingine akasema hasha, mzigo ule ni jiwe la kusagia, alitumwa na mama mkwe. Bibi mmoja asiye na meno akadai mwanamke hakununa, anacheka, na ndiyo maana kageuka asionekane. Walishikana mikono, walisukumana, walizichukua foronya wakazisogeza karibu, wakazitenga, wakazisogeza tena. Wengi wao hawakuwahi kuona televisheni. Bi harusi alikuwa pembeni, amefunikwa kanga, kimya kama alivyofundwa. Mara sauti ikatoka chini ya kanga:

"Mlango usifunguliwe mpaka aseme mzigoni kuna nini!"

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani walivisikia mpaka Bweni kwenye kivuko. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeanza.

Miezi michache baadaye mjomba wa shoga yangu alisafiri tena, na safari hii alituletea kitabu cha maelezo ya ile kaseti ya pili, kwa Kiingereza. Tulikaa watatu sakafuni, mimi, shoga yangu na yule msichana wa mkonge. Shoga yangu alikijua Kiingereza kutuzidi, akatutafsiria. Mtu yule alikuwa amebeba saa mbovu anaipeleka kwa fundi. Mwanamke alikuwa mlinzi wa kisima. Milango isiyofunguka, kitabu kilisema, ni mapambo.

"Mapambo?" nilisema.

"Walioandika hawajafika huko," alisema msichana wa mkonge.

Shoga yangu akakifunga kitabu. "Kimekosea," akasema, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha, na tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Hatukukifungua tena.

Nimewahi kuulizwa na vijana wa kwetu, wanaocheza gemu nzuri ajabu kwenye simu zao, ni ipi niliyoipenda zaidi. Nawaambia magari niliyapenda sana. Ila gari lilikuwa limeshamalizwa na waliolitengeneza, mimi nikabaki kuliendesha tu. Yule mtu wa mzigo walimwacha nusu, kwa umaskini wa mashine au kwa makusudi, sijui, na nusu iliyobaki ikawa yetu.

Mashine haikudumu. Mvua za masika zilikata umeme, umeme ukarudi kwa kishindo, tukasikia harufu ya kuungua. Nilidhani na mambo yetu yamekwisha. Kumbe wanawake waliokuwa harusini Mwera walikuwa wameshayasambaza. Walianza kuja kwa shangazi, kila mmoja na lake: huyu anataka mzigo uwe mkubwa, yule anataka mwanamke awe na ndoo.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Tongoni, jasho linamtoka, hata maji ya kunywa alikataa.

"Nataka zile za mlango," alisema. "Lakini mmesahau mtoto."

"Mtoto gani?" shangazi akauliza.

"Anayechungulia dirishani. Hamkumwona?"

"Dirisha halipo, dada yangu."

"Basi liwekeni!"

Shangazi alinitazama, macho yanamng'aa, akanisukumia penseli. Nikamuuliza yule mama mtoto ana umri gani, wa kike au wa kiume, na amesimama juu ya nini hata akafikia dirisha, naye akavuta mkeka akaanza kutueleza.