Eda Yangu ya Televisheni

Muuza magimbi wa gulio la Mkuyuni aliniona kabla mimi sijamwona. Aliacha biashara yake, akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Tumesikia. Mungu akupe subira."

"Ahsante, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Macho yake yakahamia kwa mwanamume aliyesimama nyuma yangu na kikapu cha ndizi. "Na huyu?"

"Huyu ni mume wangu."

"Mh!" Akaiachia mikono yangu kama imemuunguza. "Mwanangu, hata udongo wa kaburi haujakauka!"

Mume wangu, niliyefunga naye ndoa kanisani na kulea naye watoto watatu, alitazama chini kama mtu aliyekutwa anaruka ukuta. Wanawake wa meza za jirani wakageuka. Nikaanza kueleza kwamba marehemu alikuwa mume wangu wa kwenye televisheni tu, kwamba yeye alikuwa na mke wake na mimi nina mume wangu, na mume wangu ndiye huyu mwenye ndizi. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Hayo yote nayajua. Lakini si ungekaa hata eda kidogo? Na ile nyumba sasa itakuwaje?"

Njia nzima ya kurudi mjini mume wangu alicheka. Mimi nilikuwa nafikiria lile swali la mwisho, kwa sababu wiki ile ile mtu mwenye mamlaka alikuwa ameshalitolea jibu. Nyumba ile ilikuwa inafungwa.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwahi kukiona kipindi chetu. Ni vichekesho vya familia moja ya Morogoro. Baba ni karani mstaafu, bahili kupindukia, anayefunga kabati la sukari kwa kufuli na kutembea na ufunguo mfukoni. Mama ndiye mimi. Kuna watoto, kuna wifi, na kuna jirani asiyejua kubisha hodi. Tunarekodia kwenye nyumba ya kupanga huko Kihonda, na mvua ikipiga bati tunasimama hadi ipite, maana sauti haifai tena. Kipindi kinatazamwa mbali kuliko tulivyotegemea. Gairo niliwahi kuongezewa karanga bure na mwanamke aliyeniambia, "Chukua tu, kwako najua hali ilivyo."

Mwenzangu aliyecheza baba alikuwa hodari wa kurusha. Hilo ni neno letu la kazini. Vichekesho vya watu wawili vina mrushaji na mpokeaji. Mrushaji ndiye anayesema neno la kuchekesha. Mpokeaji hulipokea: anatulia, anageuza shingo, pengine anameza mate, na hapo ndipo mtazamaji anacheka. Ukitaka kuhakikisha, jaribu nyumbani. Sema neno la kuchekesha ukiwa unatazama ukuta. Kisha lirudie mbele ya dada yako ambaye amekasirika na hataki kabisa kucheka. Utaona mwenyewe kicheko kinatokea upande gani. Kwa miaka yote ile mimi nilikuwa yule dada, na mwenzangu alilijua hilo. "Wewe usipokuwepo," aliniambia zaidi ya mara moja, "mimi ni mzee anayebwabwaja sebuleni."

Aliugua muda mfupi tu, katikati ya msimu, tukamzika kwao Mlali.

Haukupita muda meneja wa vipindi akaja kutoka Dar. Ni kijana mstaarabu, shikamoo yake haina upungufu. Alitukusanya kwenye ile sebule tunayorekodia, akakaa kwenye kigoda, akatueleza mpango wake: kipindi kimoja cha kumuaga marehemu, kizuri, chenye machozi kidogo, halafu basi.

"Kwa nini iwe basi?" nikamuuliza.

"Mama, familia bila baba si vichekesho tena, ni huzuni. Labda tukuoze. Kuna mchekeshaji mmoja pale Dar ana mashabiki balaa."

"Unioze, mume wangu ana wiki ngapi kaburini?"

"Ndiyo maana nasema tufunge." Akasita, akashusha sauti. "Na nikuambie ukweli kama mwanao. Wewe ni mzuri sana, mama, lakini wewe unapokea. Hakuna mtu anayewasha televisheni kumtazama mpokeaji."

Mimi ni mtoto wa Uluguru, nimekulia juu kwenye matuta ya kabichi na karoti, na kule kwetu ukoo unafuata mama. Shamba tulilolima lilikuwa la ukoo wa mama yangu, naye alilipata kwa mama yake. Baba yangu alipofariki tulilia kama watu wengine wanavyolia, lakini hakuna aliyekuja kutuuliza kama bado sisi ni familia. Asubuhi kabichi zilitaka maji, tukaenda kumwagilia. Nilimweleza meneja hayo yote, taratibu, bila kupandisha sauti, maana nilitaka ayaelewe na siyo aniogope.

"Nipe hicho kipindi kimoja," nikamwambia. "Lakini si cha kuaga. Cha kuendelea. Ukikitazama usipocheka, funga."

"Na mrushaji atakuwa nani?"

"Hilo niachie."

Alipoondoka, mwongozaji wetu akaniuliza chini kwa chini, "Una mpango?"

"Sina."

"Haya. Angalau najua."

Tukaandika. Mjane wa kwenye karatasi alivaa nguo nyeusi na kwenda mjini kufuatilia pensheni ya marehemu, akizungushwa ofisi moja hadi nyingine. Ilikuwa inachekesha kwa mbali. Lakini lile neno la muuza magimbi, eda, halikutoka kichwani. Familia tunayoigiza ni ya Kiislamu na mimi ni Mkatoliki, mambo ya eda nayajua nusunusu. Najua mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi wala hajipaki manukato. Zaidi ya hapo ningekuwa nabahatisha. Na lilikuwapo jambo kubwa kuliko hilo. Mke halisi wa mwenzangu alikuwa hai, amekaa eda huko Mlali, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kama angesema tufunge, ningefunga siku hiyo hiyo. Nikachukua karatasi zangu nikaenda.

Nilimkuta chumbani, ameketi mkekani. Mlangoni alikaa wifi yake akichambua maharage.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mke mdogo. Umekuja kugawana mirathi?"

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana tangu msimu wa kwanza. Wifi hakupendezwa. "Jamani, mtu yuko kwenye eda."

"Wifi, nimezuiwa kutoka na kujipamba. Kucheka sijazuiwa, nimeuliza." Akanigeukia. "Hebu soma."

Nikasoma. Sikufika mbali.

"Nyeusi?" Alivuta ukingo wa gauni lake jeupe akanionyesha. "Mimi nimevaa nyeusi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni kwenu kanisani. Na huyu anakwenda wapi? Mjini? Kuzunguka ofisini? Mke mdogo, Morogoro nzima itakusema. Watasema mwanamke mwenyewe wala hakumpenda."

"Lakini akikaa ndani tu, bi mkubwa, kipindi kitatembeaje?"

"Kwani mimi natembea? Leo tangu alfajiri niko hapa hapa mkekani. Amekuja shemeji anayedai marehemu alimwahidi redio. Amekuja mama mmoja amelia mpaka kasahau amemlilia nani, ikabidi nimkumbushe. Halafu akaja mzee mmoja wa huko juu milimani..." Alianza kutikisika, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Mzee wa watu amevua kofia, ameniambia, 'Pole, mama. Lakini sasa utakunywa chai yenye sukari.'"

Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma. Wifi aliweka ungo chini. Mimi nilishika tu mguu wake, sikujua nishike wapi pengine.

"Mwanamume aliyegawa hata ndoo yetu ya kuogea," akasema. "Ndoo! Nimeoga kwa sufuria mwezi mzima. Leo amekufa na jina la bahili, kwa sababu yenu."

Sikuweza kumtazama. Nikauliza kile nilichokwenda kuuliza. "Unataka tufunge?"

Alijifuta kwanza uso.

"Mkifunga mimi nitabaki na nini? Kaburi na redio anayoitaka shemeji. Endeleeni. Ila asitafutwe mtu wa kumwigiza, na wewe usiolewe. Siku nikiona mwanamume mwingine amefanywa baba wa nyumba ile, nakuja Kihonda na eda yangu hivi hivi nilivyo."

"Astaghfirullah," wifi akasema.

"Chambua maharage, wifi."

Nilirudi mjini nikiwa na maneno yake kichwani: kwani mimi natembea? Nilikuwa nimetafuta mrushaji mmoja wa kuchukua nafasi ya mmoja, na bi mkubwa alikuwa ameniambia, bila kujua hata kazi yetu inaitwaje, kwamba mwenye eda anarushiwa kutwa nzima. Kila anayeingia mlangoni ana neno lake. Kazi ya mjane ni kupokea.

Tukachana zile karatasi. Kipindi kipya kilikuwa hiki: nyumba imejaa waliokuja kuhani msiba, maji ya chai yanachemka jikoni, kabati la sukari lina kufuli, na ufunguo haujulikani marehemu aliuweka wapi. Hakuna anayethubutu kulivunja kabati lake siku kama hiyo. Mimi niko mkekani, nimevaa nyeupe. Wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa heshima ya msiba, anamsifu marehemu kwa ukarimu.

Mwanzo tulishindwa vibaya, na nitaeleza kwa nini, maana huenda nawe siku moja ukabaki peke yako katika kazi mliyoizoea wawili. Jirani aliingia, akasema neno lake, nami nikalipokea vizuri. Kisha nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza. Mwongozaji akasema kata, tukarudia, nikanyamaza tena pale pale.

"Dada," akaniambia, "unamsubiri nani?"

Nilikuwa namsubiri yeye. Baada ya kupokea siku zote nilimwachia mwenzangu nafasi ya kuvuta pumzi na kurusha tena, na mwili wangu ulikuwa bado unamwachia. Nilitoka uani nikanawa uso bombani. Usijilazimishe kuiziba nafasi ya namna hiyo, rafiki yangu, haizibiki. Mimi nilichofanya ni kuigeuza shingo yangu iuelekee mlango badala ya kiti alichokalia mwenzangu. Niliporudi nikamwambia mwongozaji, "Wasisubiri nimalize. Waingie tu."

Wakaingia. Jirani akasema, "Marehemu alikuwa mkarimu sana." Nikageuza shingo. Wifi wa kwenye kipindi akadakia, "Mkono wake ulikuwa wazi." Nikalitazama kufuli. Mtoto akapita na trei ya vikombe vya chai isiyo na sukari, jirani akanywa funda moja, akakunja uso, akasema kwa sauti ya kubanwa, "Hakuwa na choyo hata kidogo." Mshika kipaza sauti akacheka hadi kipaza sauti kikashuka mbele ya kamera. Kata. Tukarudia, akacheka mwongozaji mwenyewe. Tulitumia mchana mzima kwa tukio lile moja, na tulipolipata sawasawa mvua ikaanza kwenye bati, tukakaa humo ndani tukinywa chai ile ile isiyo na sukari na kucheka wenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka ndani ya nyumba ile tangu mazishi.

Meneja alipiga simu akiwa Dar.

"Mama, nimecheka."

"Umecheka wapi?"

"Pale wanaposema alikuwa mkarimu."

"Mimi nilisema nini pale?"

Alifikiri. "Hukusema kitu."

"Basi."

Alikuwa muungwana, alikubali. Lakini hakukubali yote. "Sawa, mama. Tuendelee mpaka eda iishe. Ikiisha tunatafuta bwana harusi."

"Ikiisha nitafungua mlango nitoke nje. Andika hivyo kwenye ratiba yako."

Kipindi hicho kimeandikwa na kimerekodiwa. Mama wa nyumba ile ametoka eda, anaendesha nyumba yake, anagombana na wapangaji, na hajaolewa. Wapo wanaosema kipindi si kama zamani, nami nawakubalia kwa moyo mmoja, kwa sababu zamani alikuwepo yeye. Wapo wanaosema ni kukosa adabu kuchekesha watu juu ya mtu aliyekufa. Hao nawaambia waende Mlali wakamwambie bi mkubwa, wakute amekaa mbele ya televisheni, waone kama watarudi salama.

Meneja naye hajachoka. Kila msimu unapokaribia ananipigia na jina la mchumba mpya, na wiki iliyopita amepiga tena, huyu ana mashabiki kuliko wote. Safari hii nimemwambia amlete. Ataingia mlangoni kama wanavyoingia wengine, ataketi, atarusha kila alicho nacho. Nitapokea vizuri kabisa, na jioni atapanda basi la Dar akiwa bado mchumba.