Ukuta wa Hakata

Nilivunjika nyonga nikiwahi tramu, asubuhi ya barafu. Hospitali ya Jette walinifanyia upasuaji, kisha wakanilaza chumba kimoja na bibi wa Kijapani aliyevunjika mguu. Alikuwa ameishi Brussels tangu aolewe na Mbelgiji, na Kifaransa chake kilikuwa kama changu mimi wa Bujumbura: kinaeleweka, ila kina lafudhi ya kwao.

Kila siku dada anayefundisha wagonjwa kutembea upya alikuja kunisimamisha.

"Allez, maman! Haya mama, hatua moja tu."

Nilikataa. Maumivu yalikuwa makali, woga ulizidi. "Mungu ndiye ataniinua," nikamwambia, nikajifunika shuka.

Siku moja, alipokwisha kutoka, jirani yangu aliniuliza kama nimewahi kusikia habari za Wamongolia walioivamia Japani kwa meli, zamani sana. Sikuwahi.

"Mimi mzaliwa wa Hakata," akasema. "Mara ya kwanza walishuka ufukweni kwetu, wakapigana kutwa, wakauchoma mji, kisha wakaondoka."

"Wakarudi?"

"Baada ya miaka michache, na meli nyingi zaidi. Lakini safari hii walikuta ukuta wa mawe kando ya ufuko. Kila jimbo lilikuwa limejenga kipande chake. Wakakosa pa kushukia. Wapiganaji wetu wakawafuata kwa mashua ndogo, wakapanda melini mwao, wakapigana nao humohumo. Wavamizi wakakwama majini wiki baada ya wiki, mpaka tufani ikaja ikavunja meli zao."

"Basi ni Mungu aliyewaokoa!" nikasema, nikidhani nimemshinda.

Alicheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. "Kila mtu anakumbuka upepo. Mimi baba alinipeleka kuyagusa mawe. Bila ukuta, tufani ingewakuta wamelala ndani ya nyumba zetu."

Sisi nasi tunaambiwa tumfunge ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mungu. Nalijua neno hilo tangu madrasa. Kulifuata ndiko kulikonishinda.

Kesho yake yule dada alipofungua mlango, alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilisimama. Nililia, nikamtukana kwa Kirundi asichokijua, nikafika kwenye kiti. Siku iliyofuata, mlangoni. Jirani yangu akanisubiri nje na magongo yake, tukawa tunatembea pamoja mwendo wa kinyonga, wauguzi wakitupisha.

Baridi ilipopungua, yule bibi alikuja peke yake kunitembelea nyumbani kwangu, Laeken. Binti yangu akapika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu Bujumbura. Mgeni akawala na vichwa vyao, akaomba tena, kisha akauliza ziwa letu lina upana gani, na kama ng'ambo yake inaonekana.

"Kukiwa hakuna ukungu, milima ya Kongo unaiona yote," nikamwambia.

Akasogeza kiti karibu. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, na alipoondoka tulikuwa tumeshapanga: Jumapili tutakwenda kutembea bustanini, bila magongo.