Maziwa ya Mpiga Pasi

Mpiga pasi hakuwa amekaa sana nyumbani tangu wamzike mwanawe mchanga aliporejea kwenye chumba cha dobi, chenye joto na harufu ya sabuni. Siku hiyohiyo mtoto mchanga wa mteja mmoja akaangua kilio mlangoni. Papo hapo kifua cha mpiga pasi kikachoma kama sindano, na gauni likalowa.

"Shoga, unapiga pasi au unaoga?" mfuaji mwenzake alimtania kabla hajafikiri. Hakuna aliyecheka. Mfuaji akang'amua, uso ukamshuka, akamrushia taulo.

Jioni mpiga pasi alimsimulia shangazi yake, mkunga mstaafu, aliyekuwa akimenya viazi jikoni.

"Hiyo ni oksitosini, mwanangu," alisema shangazi. "Ni homoni. Sikio likisikia kilio cha mtoto, ubongo huimwaga kwenye damu, nayo huyasukuma maziwa yatoke. Haiulizi ni mtoto wa nani."

"Na jina hilo, oksitosini, ndiyo maana yake?"

"La. Jina limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: haraka, na kuzaa. Waliolipa jina waliangalia tu inavyokaza mfuko wa uzazi mama anapojifungua. Kazi ya maziwa haikuingia kwenye jina."

Mpiga pasi alicheka kicheko kikavu. "Haraka! Nawe ulikuwapo, shangazi. Kutwa kucha nikihangaika na uchungu, hata mtoto akachoka kabla yangu."

Kisu kikasita juu ya kiazi.

"Usiyakamue maziwa," shangazi alisema hatimaye, kwa upole. "Ukiyaacha yatakauka yenyewe."

"Sitaki yakauke! Nguo zake mmezigawa, kitanda mmekirudisha. Yamebaki haya tu yanayojua kwamba nilizaa."

Basi ikawa kila asubuhi mpiga pasi hujifungia bafuni na kukamua kidogo kidogo, kama mtu anayechochea moto usizimike. Shangazi alisikia bomba likifunguliwa ili kufunika kwikwi. Hata hivyo, maziwa yalizidi kupungua.

Yule mteja alirudi kuchukua mashuka yake. Mtoto alilia kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Mfuaji akasogeza taulo. Mpiga pasi aliiweka pasi kando, akafumba macho, akangoja. Kisha akajishika kifua.

Gauni lilikuwa kavu.

"Mnyonyeshe, mama, ana njaa huyo," alimwambia mteja, na sauti yake haikutetemeka. Akalikunja shuka la mwisho, pembe juu ya pembe, lakini machozi yakadondokea kitambaa alichokwisha kukinyoosha. Akalikunjua tena, akaishika pasi, akaanza upya.